Nawezaje kuweka nenosiri kwenye folda moja tu ya mtandao wa nyumbani?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wawili na nafanya kazi za uhasibu nyumbani. Kompyuta yangu ya mezani ina Windows 11, na nimeshirikisha folda tatu ili zifunguke kwenye laptopu za mume wangu na watoto: Picha, Masomo na Hesabu. Nataka Hesabu iwe na nenosiri lake, iwe yangu na mume wangu tu, ila Masomo wanangu wafungue bila usumbufu. Nimetafuta pa kuandika nenosiri la folda, sijapaona. Nikiwasha ulinzi wa nenosiri kwenye mipangilio, laptopu ya mume wangu inadai jina na nenosiri. Tumejaribu PIN yangu imekataa. Nikiuzima, kila mtu anaingia kila mahali. Kinachonishangaza zaidi, laptopu ya kijana wangu mkubwa haiulizwi chochote hata ulinzi ukiwa umewashwa, inapita moja kwa moja hadi Hesabu. Nimekosea wapi?

Jibu: Dada yangu, naomba tuanzie mwisho, kwenye laptopu ya kijana wako, maana hapo ndipo penye ufumbuzi wa mengine yote.

Ulipokuwa unamwandalia hiyo laptopu, je, ulimfungulia akaunti kwa jina lile lile unalotumia kwenye kompyuta yako, na nenosiri lile lile? Wazazi wengi hufanya hivyo ili wasisahau. Kama ndivyo, fumbo limefumbuka. Mtu anapobofya folda iliyo kwenye kompyuta nyingine, laptopu yake haianzi kwa kumwuliza nenosiri. Kwanza inajaribu kimya kimya jina na nenosiri alilotumia kuingilia asubuhi. Kompyuta yako inapokea jina, tuseme "mama", inatazama orodha ya akaunti zake na kumkuta "mama" yumo. Inatuma namba ya kubahatisha, laptopu inaikokotoa pamoja na nenosiri kisha inarudisha jibu, na jibu likilingana mlango unafunguka. Nenosiri lenyewe halijasafiri, wala hakuna dirisha lililojitokeza kwenye kioo. Kompyuta yako haina habari kwamba huyo ni mwanao. Kwa hesabu zake, aliyeingia ni wewe mwenyewe.

Kuna uwezekano wa pili. Huenda siku moja ulikaa kwenye laptopu yake, dirisha likauliza, ukaandika jina na nenosiri lako na kuweka alama kwenye kisanduku cha kukumbuka. Windows ina ghala la kutunzia vitambulisho hivyo, lipo ndani ya paneli ya udhibiti upande wa akaunti za watumiaji. Ukilifungua kwenye laptopu ya kijana, tafuta mstari wenye jina la kompyuta yako, ukiukuta, ufute.

Sasa unaona kwa nini hukupata pa kuandika nenosiri la folda. Katika Windows, folda haina nenosiri. Mwenye nenosiri ni akaunti ya mtu, na folda inabeba orodha ya watu walioruhusiwa na kila mmoja ameruhusiwa nini. Kwa hiyo usijiulize "Hesabu niipe nenosiri gani?" Jiulize "Hesabu ni ya nani na nani, na kompyuta yangu itawatambuaje?" Ukishalipata jibu hilo, kazi iliyobaki ni ya kubofya tu.

Wala hujakosea kutarajia folda iwe na kufuli lake. Zamani ilikuwepo. Windows 95 na 98 zilikuruhusu kushirikisha folda na kuiandikia nenosiri moja la kusoma na jingine la kubadilisha, na yeyote aliyelijua aliingia. Watu waliupenda utaratibu ule. Tatizo ni kwamba nenosiri la namna hiyo halina mwenyewe. Likivuja hujui limevujia kwa nani, na ukitaka kumtoa mtu mmoja inabidi ulibadilishe na kuwatangazia upya wengine wote. Tena lilikuwa na kasoro mbaya ya kiufundi. Mwezi Oktoba 2000 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu katika Windows 95, 98 na Me: kompyuta ililinganisha herufi nyingi kadiri mgeni mwenyewe alivyodai kuleta. Aliyedai ameleta herufi moja, alipimwa kwa herufi moja tu, basi akipata herufi ya kwanza ameingia. Baadaye Windows 7 ya mwaka 2009 ilikuja na kikundi cha nyumbani chenye nenosiri moja kwa nyumba nzima, nacho kikaondolewa kwenye Windows 10 mwaka 2018. Kilichobaki ni akaunti, na kwa maoni yangu ndicho kilichostahili kubaki.

Turudi kwenye ile swichi unayoiwasha na kuizima. Ukiizima, kompyuta yako inaifungua akaunti ya mgeni, isiyo na nenosiri, na mtu yeyote asiyetambulika anaingia kwa jina hilo. Lile jina "Everyone" unaloliona kwenye orodha ya ruhusa linakuwa na maana yake kamili: kila aliyeunganishwa na Wi-Fi yenu, pamoja na rafiki wa mwanao aliyepewa nenosiri la Wi-Fi wiki iliyopita. Ukiiwasha, "Everyone" hupungua na kuwa kila mwenye akaunti kwenye kompyuta yako. Tofauti ni kubwa sana. Iwashe na usiizime tena. Utaipata kwenye mipangilio, upande wa mtandao na intaneti, ndani ya mipangilio ya ziada ya mtandao, kisha mipangilio ya ziada ya kushirikisha, chini kabisa kwenye sehemu inayohusu mitandao yote. Hapo hapo hakikisha mtandao wa nyumbani umesajiliwa kama wa binafsi, si wa umma.

Na ile PIN? PIN imefungamana na kifaa kimoja. Inakufungulia wewe uliyekaa mbele ya kioo cha kompyuta yako, basi. Kwenye mtandao haina kazi, hata uiandike mara mia. Kinachotakiwa ni nenosiri lenyewe la akaunti, lile uliloliweka siku ya kwanza na pengine hujaligusa tangu PIN ilipokuja. Kama akaunti yako ni ya Microsoft, jina la kuandika ni anwani yako yote ya barua pepe, na nenosiri ni la akaunti hiyo ya mtandaoni. Kuna mtego mwingine wa jirani: akaunti isiyo na nenosiri kabisa. Windows, kwa utaratibu wake wa kawaida, haikubali akaunti ya namna hiyo ipite kwenye mtandao. Inaruhusiwa tu kwa aliyekaa hapo hapo mezani. Kwa hiyo ukimfungulia mtoto akaunti ya bure bure isiyo na nenosiri ukidhani unampunguzia usumbufu, utakuwa umemfungia nje.

Sasa kazi yenyewe. Kwenye kompyuta yako ya mezani, fungua akaunti moja kwa kila mtu wa nyumbani: ya mume wako, ya kijana mkubwa, ya mdogo. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, ongeza mtumiaji mwingine, na inapokuuliza barua pepe yake chagua kwamba huna taarifa zake, kisha chagua kuongeza mtumiaji asiye na akaunti ya Microsoft. Mpe jina fupi na nenosiri. Wote wawe watumiaji wa kawaida. Usimpe hata mmoja cheo cha msimamizi, kwa sababu msimamizi anaweza kujitwalia umiliki wa folda yoyote na orodha yako yote ya ruhusa ikawa bure. Hawalazimiki kuja kukaa kwenye kompyuta yako kuzitumia akaunti hizi. Zipo ili kompyuta iwajue wakibisha hodi kutoka upande wa pili.

Ukipendelea njia ya haraka, fungua dirisha la amri (Command Prompt) kwa mamlaka ya msimamizi na uandike "net user baba * /add". Ile nyota inaifanya kompyuta ikuulize nenosiri bila kulionyesha kwenye kioo. Njia hii nzuri, ila ina jambo ambalo limewasumbua wengi: akaunti zilizofunguliwa hivyo hufuata kikomo cha umri wa nenosiri, ambacho kwa kawaida ni siku 42. Wiki sita zikipita, mume wako atakataliwa ghafla na hakuna aliyegusa kitu. Andika pia "net accounts /maxpwage:unlimited" na utakuwa umeliondoa.

Unataka watoto nao wafungue Masomo bila kuulizwa kila siku, na hapa ile siri ya laptopu ya kijana wako inageuka kuwa msaada. Jina na nenosiri la akaunti yake kwenye kompyuta yako viwe sawa na vya akaunti anayoingilia kwenye laptopu yake. Atapita bila kuulizwa, lakini safari hii atapita kwa jina lake, na orodha ya ruhusa itamjua. Au mwache aandike mara moja na kuweka alama ya kukumbuka. Yote mawili yanafaa. Lisilofaa ni yeye kuendelea kutumia jina lako.

Tuje kwenye Hesabu. Bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake, nenda kwenye ukurasa wa kushirikisha. Utaona vitufe viwili. Cha juu ni cha njia nyepesi: unachagua jina, unachagua kusoma tu au kusoma na kuandika, umemaliza. Kwa Picha na Masomo kinatosha kabisa. Kwa Hesabu nakuomba utumie cha chini, cha kushirikisha kwa undani, kisha bonyeza kitufe cha ruhusa. Karibu kila mara utaikuta "Everyone" imekaa hapo. Iondoe. Mwongeze mume wako kwa jina la akaunti yake. Mpe kusoma, au kubadilisha kama naye anaingiza hesabu. Bonyeza sawa.

Usifunge bado, maana huo ni mlango mmoja tu. Ukurasa wa pembeni yake, wa usalama, una orodha nyingine kabisa ya ruhusa. Ile ya kwanza inawahusu wanaokuja kwa mtandao. Hii ya pili inakaa kwenye diski yenyewe na inamhusu kila mtu, awe amekuja kwa mtandao au amekaa kwenye kiti chako. Anayekuja kwa mtandao anapita milango yote miwili, na anapata kile kidogo kati ya viwili alivyopewa. Ukimpa mume wako kubadilisha kwenye mlango wa kwanza na kusoma kwenye wa pili, atasoma tu. Ukimpa kila kitu kwenye wa kwanza na kumsahau kwenye wa pili, atakataliwa huku wewe unaapa kwamba umemruhusu. Kati ya malalamiko ya "nimempa ruhusa lakini haingii" ninayoletewa, mengi huishia hapa.

Basi kwenye ukurasa wa usalama mwongeze mume wako pia, kisha soma majina mengine yaliyopo. Majina ya mfumo na ya wasimamizi yaache. Likiwepo jina la kundi pana, kama la watumiaji wote wa kompyuta au "Everyone", hilo limerithiwa kutoka folda ya juu au diski nzima. Ingia kwenye mipangilio ya ndani zaidi, zima urithi ukichagua kuzigeuza ruhusa zilizorithiwa ziwe za folda hii, halafu futa lile kundi pana. Hakikisha jina lako mwenyewe limo kabla hujafuta kitu. Ukiona ukurasa wa usalama haupo kabisa, tazama folda iko wapi: flashi na diski nyingi za nje zimeumbwa kwa mfumo wa FAT32 au exFAT, ambao hautunzi ruhusa za watu. Huko unabaki na mlango wa mtandao peke yake, na yeyote aliyekaa mezani anafungua. Hesabu za wateja zisikae huko.

Kitu kimoja kitakushangaza ukichungulia folda ulizoshirikisha kwa kile kitufe chepesi: kwenye mlango wa mtandao utaikuta "Everyone" imepewa kila kitu. Usishtuke. Njia nyepesi huuacha wazi mlango wa kwanza makusudi na kuchujia kwenye wa pili. Inafanya kazi. Mimi kwa folda nyeti napenda milango yote miwili iwe imefungwa, kwa sababu siku mtu akivuruga mmoja, mwingine bado umesimama.

Sasa naomba ufungue dirisha la amri uandike "net share", tusome pamoja. Itakuja orodha. Utaona C$, ADMIN$ na IPC$. Hizo Windows huziweka yenyewe kwa kazi za usimamizi, na akaunti za kawaida ulizowafungulia watu wa nyumbani haziwezi kupitia C$. Chini yake ndiyo yako: Picha, Masomo, Hesabu, kila moja na njia yake kwenye diski. Soma hizo njia polepole. Tuseme Hesabu ipo D:\Kazi\Hesabu. Je, katika orodha hiyo kuna mstari mwingine unaosema D:\Kazi, au D:\ yote? Pengine uliwahi kuishirikisha diski nzima siku ulipokuwa unahamisha picha, ukasahau. Kama upo, folda yako ina mlango wa uani. Mtoto anayekataliwa kwenye \\KOMPYUTA\Hesabu anazunguka kwa \\KOMPYUTA\D na kushuka hadi Hesabu ile ile, na huko mlango wa mtandao unaotumika ni ule wa diski nzima, wenye "Everyone", anabaki kuzuiwa na ule wa usalama peke yake. Kisha andika "net share Hesabu" peke yake, na usome mstari wa ruhusa. Ukikuta jina la mume wako na kiwango ulichompa, bila "Everyone", upande huo uko salama.

Nimesema \\KOMPYUTA kwa mfano. Jina halisi la mashine yako utalipata kwa kuandika "hostname". Lishike, kwa sababu mume wako atalihitaji. Dirisha likimwuliza, asiandike "baba" tu. Aandike jina la kompyuta yako, mkwaju wa kinyume (\), kisha baba, ili laptopu yake ielewe kwamba akaunti hiyo inaishi kwako na siyo kwake.

Halafu inakuja sehemu ya kujaribu, na hapa watu hukata tamaa bure. Umebadilisha kila kitu, unakwenda kwenye laptopu ya kijana, unabofya Hesabu, inafunguka! Unadhani umeshindwa. Kumbe laptopu bado imeshika kikao cha zamani ilichokifungua kwa jina lako. Windows ikishaingia kwenye kompyuta nyingine haiulizi tena hadi mtu atoke kwenye akaunti yake au kikao kikatwe. Andika "net use" uone vilivyounganishwa, kisha "net use * /delete" uvikate, au izime laptopu na kuiwasha upya. Na usishangae ukikutana na kosa namba 1219. Maana yake ni kwamba laptopu imeingia kwenye kompyuta yako kwa jina moja, na sasa unataka iingie kwa jina la pili wakati la kwanza bado lipo. Windows haikubali mtu mmoja awe na majina mawili kwa kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kata kikao, rudia. Kuna ujanja wa majaribio: tumia anwani ya namba ya kompyuta yako badala ya jina, kwa mfano \\192.168.1.20\Hesabu. Laptopu itaihesabu kama kompyuta nyingine na itakubali jina jipya bila kuvunja la kwanza.

Jaribu mambo mawili, si moja. Kwamba mume wako anaingia, na kwamba watoto wanakataliwa. Wengi hujaribu la kwanza, likifanikiwa wanafurahi na kwenda kulala.

Hujaniuliza kuhusu kusoma na kuandika, lakini siwezi kunyamaza. Faili likifutwa kupitia folda ya mtandao haliendi kwenye pipa la taka. Linapotea pale pale, kwako na kwake. Niliwahi kuitwa na familia iliyopoteza picha za harusi za miaka mingi. Mtoto mdogo alikuwa anasafisha laptopu yake ili apate nafasi, akafuta "nakala" alizoziona, bila kujua kwamba ile folda ilikuwa kwenye kompyuta ya baba yake. Pipa la taka lilikuwa tupu kotekote. Tulirudisha baadhi tu. Tangu siku hiyo kila mtu ninayemsaidia namwuliza: huyu anahitaji kuandika, au anahitaji kuona? Picha wape watoto kusoma tu. Mtoto akitaka kuleta picha zake, mfungulie folda ndogo ya kupokelea. Masomo wape kuandika, kwa sababu ndimo wanamofanyia kazi.

Sababu ya pili ya kubana uandishi ni virusi vya kudai fidia. Kirusi kikiingia kwenye laptopu ya kijana kinafanya kazi kwa jina lake, kwa hiyo kinafika kila mahali anapoweza kuandika, na kuyasimba mafaili yote kinayoyafikia, yaani kuyageuza yasisomeke bila ufunguo. Pale alipo na ruhusa ya kusoma tu, hakiwezi kuyaharibu. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kwa kupitia tundu lililokuwa kwenye toleo la kwanza la itifaki hii ya kushirikisha mafaili, SMB1, miezi miwili baada ya Microsoft kutoa sasisho la kuliziba. Windows za sasa haziji tena na SMB1. Ukiwa na kifaa cha zamani, runinga au skana, ambacho maelekezo yake yanakutaka uirudishe, usiirudishe. Na nakala za Hesabu ziwe kwenye diski ya nje inayochomolewa baada ya kunakili.

Kwa runinga inayotaka kuonyesha picha, dawa si kuzima ulinzi. Ifungulie akaunti yake, iite "runinga", ipe kusoma Picha tu. Ule mlango wa mgeni unazidi kufungwa hata hivyo: matoleo ya Windows ya maofisi na vyuo yaliacha kuingia kwa wenzao kama mgeni tangu 2017, na toleo la Pro likafuata mwaka 2024.

Jambo ambalo ruhusa hizi haziwezi: zinafanya kazi Windows ikiwa imewaka na inalinda. Mtu akiichomoa diski na kuichomeka kwenye mashine nyingine, orodha zako hazimzuii. Dawa yake ni kusimba diski nzima, kwa BitLocker, zana ya Windows ya kazi hiyo, au usimbaji wa kifaa kama kompyuta yako inao. Na ukiondoka kwenye kiti, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L. Mtoto anayekuta kioo kiko wazi yuko ndani kwa jina lako, tumerudi pale pale tulipoanzia.

Kama baada ya haya yote bado unatamani nenosiri lililo kwenye kitu chenyewe, kwa mfano mafaili matatu ya mshahara ambayo hata mume wako hapaswi kuyaona kwa sababu ni siri za wateja, lipo jibu la kweli. Yaweke kwenye kifurushi cha 7-Zip, programu ya kufungasha mafaili, kilichosimbwa kwa AES-256, njia imara ya kusimba, na uweke alama ya kusimba majina ya mafaili pia, la sivyo majina yataendelea kusomeka ingawa yaliyomo hayafunguki. Nenosiri hilo ukilisahau hakuna wa kukusaidia. Wala usitegemee ule ujanja wa kuongeza alama ya dola mwishoni mwa jina la folda unaposhirikisha. Unaificha isionekane kwenye orodha, lakini anayelijua jina anaiandika na kuingia.

Kwa wasomaji wenye Mac: msingi ni huo huo, ila Mac ina aina ya akaunti ya kushiriki tu, ambayo haimruhusu mtu kuingia kwenye mashine yenyewe. Ndiyo ya kuwapa watoto. Laptopu za Windows zikikataliwa, fungua chaguo za kushirikisha mafaili uweke alama kwenye jina la mtu husika na uandike nenosiri lake upya. Kwa wenye Samba, programu ya kushirikisha mafaili, kwenye Linux: nenosiri la Samba ni la peke yake, tofauti na la kuingilia, kwa hiyo kila mtu unayemwongeza umpitishe kwenye "smbpasswd -a".

Dada yangu, leo jioni usianze na folda. Anza na nenosiri lako mwenyewe: libadilishe kwenye kompyuta yako, uweke refu la maneno manne yasiyohusiana, ambalo halijawahi kutumika kwenye kifaa kingine chochote cha nyumbani. Hapo hapo laptopu ya kijana wako itaacha kuwa wewe. Iwashe upya, bofya Hesabu, na kwa mara ya kwanza utaliona lile dirisha likimwuliza ni nani.